Nilienda Guangzhou, China, kwa siku kumi nikakaa miaka 12

Kazi yangu miaka yote hiyo ilikuwa kufunga mizigo ya watu. Ajenti. Mtu wa Kariakoo anatua na hela yake kiunoni, mi nampokea, namzungusha masokoni, namkalimania, anachagua mabegi au taa au viatu vya watoto, namkusanyia stoo, napima, kontena likijaa namwambia haya kaka, rudi nyumbani ukasubiri mwezi na kitu. Ukinionyesha chumba hata saivi nakwambia kinaingiza CBM ngapi, yaani mita za ujazo, bila kushika tepu. Kontena la futi 40, lile refu la juu, ukilipanga kwa akili linameza kama CBM 68, ukilipanga kivivu unalipia kusafirisha hewa, na kwa ajili ya hiyo hewa nimegombana na vijana wa kupakia mpaka sauti ikanikauka.

Sasa Machi 2024 zamu yangu ya kurudi ikafika. Nikapanga vitu vyangu sebuleni, nikavipima kama ninavyopima vya wateja. CBM moja na nusu. Miaka 12! Na nusu yake ni mablanketi, yale mazito ambayo ukitoka China bila kumletea kila shangazi unaonekana hujasafiri. Nikakaa pale chini sakafuni nikacheka peke yangu, afu nikaacha kucheka.

Vilikuwa vichache kwa sababu miaka yote mi nilikuwa "napita tu". Kitanda nilikikuta, kabati nililikuta, vikombe viwili, kijiko cha chai kimoja. Nikiona sufuria nzuri, na kama kuna mji duniani wa kununua sufuria nzuri kwa bei ya kiwandani basi ndo ule, nasema aa, nitanunua nikirudi nyumbani. Pazia sikuweka mpaka mwaka wa tano, nilikuwa nabandika kanga dirishani. Kikantoni sikujifunza kwa makusudi, nikasema Kichina cha kawaida kinatosha kwa biashara, kile cha vibibi vya mtaani cha nini wakati mwakani naondoka. Kila mwaka mwakani naondoka. Waliokaa nje wataelewa, unaishi viatu havijavuliwa mguuni, na hata watu unawaweka kwenye fungu la vitu vya kuviacha.

Nilifika Aprili 2012 na shangazi yangu kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou, yale ya kila Aprili na Oktoba, yapo tangu 1957, na mabanda yake ukitembea yote miguu inavimba. Mi nilikuwa mbeba mabegi tu. Siku ya tatu shangazi akashikwa na tumbo, nikaenda mwenyewe sokoni na kikokotozi, maana kule biashara inafanyika kwa kikokotozi, muuzaji anaandika bei anakugeuzia, we unafuta unaandika yako unamgeuzia, hakuna lugha hapo. Nikarudi na bei ambayo shangazi hajawahi kuipata. Akanitazama kutoka kitandani akasema wewe utabaki. Ndo hivyo nikabaki.

Mtaa wetu ulikuwa Xiaobei. Mtu wa Tanzania hahitaji kuelekezwa, anaambiwa tu Xiaobei, jengo la Tianxiu, shuka treni ya chini laini namba 5. Miaka ile ya mwanzo ukipita jioni unasikia Kifaransa cha Wamali, Kiigbo, Kilingala, Kisomali, afu nyuma yako mtu anapiga simu "sasa we Juma mbona hela hujatuma!" unageuka unacheka. Pale juu ya daraja la waenda kwa miguu walikuwepo Wachina wapiga picha, wanakupiga na kukuchapia hapo hapo. Picha yangu ya wiki ya kwanza ninayo mpaka leo, nimevaa koti la shangazi, nimesimama kama nadaiwa.

Ila mi Guangzhou niliyoipenda haikuwa ya Xiaobei. Nilihamia mwaka wa pili nyuma kidogo, kwenye vichochoro vya Yuexiu ambako kodi ilikuwa nafuu na lifti ilikuwa inakohoa. Chini ya jengo kulikuwa na mama mmoja wa uji. Uji wa mchele huo, umepikwa tangu usiku mpaka punje imesahau kama iliwahi kuwa punje, unawekewa karanga, tangawizi, vitunguu vya majani, na pembeni unapewa kile kiandazi kirefu kama rungu cha kuchovya. Tatizo uji wao kawaida unakuwa na nguruwe. Mi Mtanga na Muislamu, basi nilijifunza maneno matatu ya Kikantoni kwa lazima, mou jyu yuk, hamna nyama ya nguruwe. Nikamwambia kila asubuhi wiki nzima. Wiki ya pili nikiwa bado niko ng'ambo ya barabara akaninyooshea upawa akapiga kelele mtaa mzima usikie, "MOU JYU YUK!" Likawa jina langu. Mpaka watoto wa shule wakipita, Hana-Nguruwe, habari za asubuhi. Baadae akaanza kuniwekea kisufuria changu pembeni na upawa wake mbali, sijamuomba, na akija mteja akishika ule upawa anapigwa kofi la mkono.

Yule mama hakujua mi ni wa nchi gani miaka miwili ya kwanza. Nilishamwambia Tansangniya, akasema ahaa, kumbe kasikia nchi nyingine kabisa. Lakini alijua nisipotokea siku mbili maana yake naumwa, anampa mwenye nyumba wangu uji aniletee juu.

Mwenye nyumba naye nilikuwa namuita Ayi, yaani mama mdogo kwa heshima yao, na ndo mtu aliyenifundisha mambo mengi bila kufungua darasa. Ukimiminiwa chai na mtu, usikatize maongezi kushukuru, gonga meza kwa vidole viwili, inatosha. Usile vitu vya kukaanga siku tatu mfululizo, utapata "moto" mwilini. Mwezi wa tatu usifungue madirisha, maana kuna kipindi unyevu unatoka kusini mpaka kuta zinatoka jasho, kweli kabisa, maji yanatiririka ukutani na sakafu inateleza, nguo hazikauki wiki nzima. Mi mwaka wa kwanza nilifungua madirisha yote ili nyumba ipate hewa, akili ya Tanga hiyo, Ayi alikuja juu akanisema kama nimechoma nyumba.

Na mwezi huo huo wa tatu ndo msufi wao unatoa maua. Ndo ua la mji wao. Ni jamaa ya msufi wetu, shina lile lile lenye miiba, ila wao maua yake ni mekundu, makubwa kama kikombe, na mti unakuwa hauna jani hata moja, maua matupu. Halafu hayaanguki taratibu, yanadondoka puu! kama chapati, lazima uangalie kichwa. Asubuhi unawakuta vibibi na mifuko wanaokota, wanaanika kwenye ungo, kingo za madirisha, juu ya pikipiki za watu, popote. Wanachemsha supu na chai. Mi nilikulia kwenye mito ya sufi, nikiona vile nakumbuka godoro la bibi, ndo maana nadhani mji ule uliniingia kwa kupitia mwezi wa tatu, na joto lake lote na ukungu wake.

Sitaki niandike kama vile kila kitu kilikuwa uji na maua. Aprili 2020, wakati wa korona, ilipita ikaacha alama. Watu weusi walitolewa kwenye nyumba na hoteli, waliokuwa na vipimo safi na wasio navyo, watu walilala nje na masanduku yao, dunia nzima iliona, mabalozi wa Afrika waliandika barua ya kulalamika. Mi kwangu walikuja watu wamevaa nguo nyeupe toka kichwani, wakanipima, wakaniambia siku 14 usitoke, wakati nilikuwa sijavuka hata mpaka wa mkoa. Ayi alikuwa nyuma yao pale koridoni. Hakusema neno. Wala kunitetea, wala kuniambia ondoka. Alitazama chini tu. Kesho yake asubuhi nikakuta mlangoni mfuko wa mboga za majani, mayai, na chupa ya supu, na ikawa hivyo kila siku mpaka zikaisha 14. Sijawahi kumuuliza kuhusu ile siku ya kwanza na yeye hajawahi kusema. Mpaka leo kuna siku namlaumu, kuna siku najiambia na yeye alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu mbele ya watu wenye karatasi ya serikali, angefanyaje.

Kipindi kile shoga yangu mmoja wa Mwanza aliondoka. Sikumuona. Alipata nafasi ya ndege akaambiwa saa chache jiandae, na mi nipo ndani sitoki. Nilipofunguliwa nikakuta mlinzi wa jengo ananipa sufuria yake ya umeme ya wali na kandambili, kaniachia. Hiyo ndo kuaga kwetu, miaka sita tumekula sahani moja. Wengi waliondoka hivo 2020, nyumba zimebaki na nguo kwenye kamba. Nikajiapiza pale pale kwamba mi siku yangu ikifika nitaaga vizuri, mtu mmoja mmoja.

Ikafika. Biashara yenyewe ilikuwa imeshabadilika, mipaka ilifunguliwa Januari 2023, wateja wakarudi lakini sio kama zamani, mtu anaongea na kiwanda mwenyewe kwenye WeChat, ile WhatsApp ya Wachina, na programu inamtafsiria, na Wachina wenyewe walishafungua maduka yao Kariakoo, sasa ajenti wa nini. Na mama yangu magoti yalishaanza kumsumbua, kila nikipiga simu anasema niko sawa mwanangu kwa ile sauti. Nikaamua mwezi wa pili, baada ya mwaka mpya wao.

Nikajipa wiki tatu za kuaga. Nikaandika orodha kama ya mzigo, jina, mtaa, siku. Mzee wa stoo Baiyun. Kijana wa mizani. Dada wa Kihui, wale Wachina Waislamu, wa mkate nje ya kaburi lile linaloaminika ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas, ambako Ijumaa tunajaa mpaka barabarani, Wauyghur, Waislamu wa kaskazini magharibi ya China, wanachoma mishikaki, Waafrika, Waarabu, Wachina wenye kofia nyeupe. Pale niliaga vizuri, nililia vizuri, nikala mishikaki.

Nilichojifunza ndani ya hizo wiki ni kwamba Wachina wangu hawakujua wanifanye nini. Nikimwambia mzee wa stoo naondoka moja kwa moja, anasema ahaa, oda ya mwezi wa nne inakuwaje. Nimejiandaa na maneno, nimemletea kahawa ya Kilimanjaro, anasema weka pale. Nikaondoka nimenuna. Jioni ananitumia meseji ya sauti ya dakika nzima, kelele za forklifti nyuma, anasema ile kontena ya 2016 iliyolowa maji hakuwahi kunilipa sawa sawa, anaona vibaya, anataka kunirudishia yuan 800. Miaka minane! Mi nilishasahau. Nikakataa, akatuma, kwenye WeChat pesa ikitumwa usipoipokea ndani ya saa 24 inarudi yenyewe, tukawa tunafanya hivyo siku tatu, anatuma inarudi, anatuma inarudi. Siku ya nne nikapokea. Nikagundua ndo alikuwa anaaga.

Mama wa uji nilimuweka mwisho kwenye orodha. Kwa sababu ndo alikuwa mgumu, nikasema nitamuaga siku mbili kabla, nikimuaga mapema kila asubuhi itakuwa msiba. Nikamnunulia kitenge, nikamuomba dada mmoja wa Kicongo akishone kiwe aproni ya kufungia kiunoni, yenye mifuko. Siku hiyo nikashuka, kibanda kimefungwa. Kesho yake kimefungwa. Nikauliza fundi viatu wa jirani, akasema amekwenda kijijini kwao, mkwe wake kajifungua, atakaa mwezi mzima kumpikia mzazi, desturi yao. Alinitafuta kuniambia wiki iliyopita hakunikuta. Mi wiki hiyo nilikuwa nazunguka mji mzima naaga watu wa mizani.

Namba yake ya simu sina. Miaka 11 nakula kwake kila siku, sina namba! Nilikuwa nalipa kwa kuskani karatasi ukutani na akaunti ni ya mwanawe. Jina lake kamili sijui, nilimuita Ayi wa uji, yeye akaniita Hana-Nguruwe. Aproni nikamuachia fundi viatu. Alinionyesha kwa vidole kwamba atampa, afu akaivaa yeye kidogo ya mzaha, na mi sikuwa na mood ya mzaha.

Ile sufuria ya wali ya shoga yangu niliingiza kwenye kontena la mteja, CBM sifuri nukta sifuri tatu, ikashuka Dar, ikapanda basi, imefika Mwanza. Alinipigia analia na kucheka, eti kamba yake ya umeme bado ina ile plasta tuliyofunga. Hiyo angalau.

Siku ya mwisho Ayi mwenye nyumba akapanda na kikokotozi chake na penseli. Dipoziti yangu ilikuwa miezi miwili, yuan 5,200. Akasoma mita ya maji, akasoma ya umeme, akatoa 83. Akaingia chooni akawasha taa, haikuwaka, akatoa 15. Nikasema Ayi hiyo taa imekufa tangu mwaka jana, akasema mwaka jana ulikuwa unakaa wewe. Akanihesabia 5,102 noti kwa noti, anajua kabisa naweza kupokea kwenye simu lakini akaunti yangu ya benki nilishaifunga, alikumbuka. Afu akaniambia kaa, hujala.

Akanipeleka kwake chini akanipikia supu ya yale maua mekundu na kunde. Bila mfupa. Alilalamika muda wote, supu bila mfupa wa nguruwe sio supu, ni maji ya kuoshea sufuria, kwanini Mungu wenu kakataza kitu kitamu hivi. Nikala bakuli mbili. Hakuna aliyelia. Tulizungumzia magoti ya mama yangu, akanipa majina ya dawa tatu na kunikataza kumpa zote kwa pamoja.

Kwenye lifti akanisukumia mfuko wa maua makavu, kama nusu kilo, nikasema Ayi mabegi yangu mawili yameshafika kilo 23 kila moja, akaufungua mkoba wangu wa mkononi akaushindilia. Lifti ikafunguka. Akasema "maan maan haang", ndo wanavomwambia mgeni anayeondoka, maana yake nenda polepole. Miaka 12 nilikuwa nasikia kila nikitoka dukani nikidhani wanasema kwa mazoea, na kweli ni mazoea, kama sisi tunavosema karibu tena kwa mtu tusiyemtaka. Nikamjibu kwa Kiswahili, sijui kwanini. Polepole, Ayi. Mlango ukajifunga kwa ule mkohoo wake.

Nina wiki ya sita Tanga sasa. Kuna vitu mwili bado haujaambiwa. Saa kumi alfajiri nashtuka, kule ni saa tatu, masoko yanafunguliwa. Nikiingia duka la Mangi naandaa simu kuskani ukuta. Juzi mama kanimiminia chai nikagonga meza kwa vidole viwili, akasema unagonga nini, si namimina, una haraka ya wapi?

Jana nikatoa ule mfuko. Nikachemsha maji, nikatia maua matatu. Yanavyoingia ni makavu, yamejikunja kama ngozi ya ndizi iliyosahaulika juani, afu taratibu yanafunguka kwenye maji, wekundu unatoka umekuwa hudhurungi, na ile harufu ikanijia, ya koridoni kwetu mwezi wa tatu, unyevu na chokaa na kitu kama udongo. Mama akasogeza mkongojo wake akaja kuchungulia kwenye kikombe. Akachukua ua moja kavu, akalinusa, akalichana.

"Hii si sufi hii?"

Nikamwambia ni jamaa yake.

"Kwa hiyo hao watu wanakunywa mito?"

Nimecheka mpaka nikamrekodia Ayi, nikamuwekea na sauti ya mama, nikamtafsiria. Kule ilikuwa saa nne usiku, nilijua amelala. Akajibu hapo hapo, sekunde tatu tu. Mama akauliza anasemaje mwenzio.

Nikamwambia anauliza kama nimekula.

"Mwambie bado," mama akasema, "samaki ndo kwanza nawatia tui."